Maswali mnayoniuliza kila siku: misosi isiyo na nyama na magemu ya vita vya zama za kati

Nimechoka kujibu kitu kilekile kwa watu tofauti, dukani, shughulini, kwenye simu saa sita usiku, juzi hata msikitini baada ya swala ya isha kuna mtu kanivuta pembeni nikadhani ana shida ya hela kumbe anataka kujua Bannerlord, gemu moja la vita, inakula GB ngapi. Basi nimeyaweka yote hapa, mtu akiniuliza namtumia hii nalala.

Kwani kupika mbaazi na gemu la mashujaa wa farasi vinahusiana nini?

Vinahusiana kwa muda. Vyakula nnavyopenda mi ni vile vya kukaa jikoni, maharage, mbaazi, kisamvu, vitu ambavyo vinachemka taratibu na wewe huna la kufanya ila kusubiri na kwenda kuchungulia mara moja moja. Na magemu nnayopenda ni yale ya zamu, yani wewe unasogeza watu wako, adui anasogeza wake, na kama hujabonyeza kitu hamna kinachoendelea hata ukiondoka nusu saa. Gemu linakusubiri, jungu halikusubiri, kwa hiyo ukipanga vizuri vinakaa pamoja bila ugomvi. Mtu anayecheza mpira wa mtandaoni huku kaweka tui jikoni huyo anatafuta balaa.

Alafu kuna lingine, haya magemu yenyewe nusu yake ni chakula. Unaongoza kikosi, kikosi kinakula kila siku, unga ukiisha morali inashuka na watu wanaanza kutoroka usiku. Ukicheza muda mrefu unajikuta unawaza magunia ya ngano kuliko mapanga.

Huli nyama kabisa? Hata samaki? Tanga hii?

Hata samaki, hata dagaa, hata ile "onja mchuzi tu mwaya, nyama acha". Najua soko la samaki la Deep Sea lipo pale na samaki wanashushwa wabichi asubuhi, sijasema ni wabaya, mi siwali tu toka mtoto na bibi alinilazimisha akachoka. Haina uhusiano na dini wala sina kesi na anayekula. Maziwa, mtindi na samli natumia sana, mayai mara moja moja.

Kwenye shughuli nakula nyumbani kwanza alafu nakwenda, maana pilau ukitoa vipande vya nyama bado ule wali umepikwa kwa supu, na kukaa unachambua sahani mbele ya mama mwenye shughuli ni kumkosea adabu. Nachukua kachumbari, ndizi na soda, naongea na watu, naondoka.

Sasa unakula nini, maharage na mchicha mpaka ufe?

Hili swali linaniudhi kidogo kwa sababu anayeuliza mara nyingi ni mtu wa hapahapa ambaye akihesabu alichokula wiki nzima nusu hakina nyama ila hajawahi kukiangalia hivo. Asubuhi mbaazi za nazi na mandazi, au vitumbua na chai ya maziwa, au muhogo wa kuchemsha. Jioni barabarani kuna viazi karai, kachori, bhajia za kunde, muhogo wa kukaanga na chachandu, mahindi ya kuchoma. Kisamvu cha nazi, mchicha wa nazi, kunde za nazi, choroko, dengu, bamia, biringanya za kukaanga, boga la nazi, bada (ugali wa muhogo) na mboga ya majani. Na Ramadhani ndo usiseme, futari za huku ni muhogo wa nazi, magimbi, viazi vitamu, ndizi mbivu za nazi na iliki, tambi za sukari, nyama inakaa pembeni kama mgeni aliyechelewa.

Alafu tuna bahati ya mahali. Lushoto iko juu yetu inatushushia karoti, kabichi, njegere, viazi na maboga, Muheza inatuletea machungwa, na viungo vya Usambara ya Mashariki, iliki, karafuu, mdalasini, pilipili manga, vyote viko jirani kabisa. Ingia soko la Mgandini asubuhi mapema uone kama utakosa cha kupika. Mtu wa bara huko kwenye baridi akisema hali nyama ana haki ya kulalamika, sisi hatuna.

Mbaazi za nazi unapikaje zinakuwa nzito vile?

Hapa nitakaa kidogo maana ndo swali nnaloulizwa kuliko yote.

Mbaazi kavu nusu kilo, chagua mawe, osha, loweka usiku kucha, asubuhi maji yale mwaga. Weka maji mapya zichemke mpaka ukibonyeza moja kwa vidole inapasuka bila kubishana, kwa mkaa inaweza kuchukua saa moja na nusu kutegemea na ukongwe wa mbaazi. Chumvi usitie mwanzoni, itaingia baadae na tui.

Wakati zinachemka kuna nazi. Nazi moja kubwa iliyokomaa, kuna kwenye mbuzi taratibu usifike kwenye ile ngozi nyeusi maana ukikuna mpaka huko tui linakuwa na rangi ya udongo. Tia maji ya vuguvugu kidogo sana, kamua kwa nguvu, chuja, hilo ni kasimile, weka pembeni lifunike. Rudia machicha na maji mengi zaidi mara mbili, hilo ni tui jepesi. Kuna watu wanasaga nazi kwenye blenda na inakubali, sijakataa, ila ukiacha inazunguka sana unapata mafuta mafuta badala ya tui.

Mbaazi zikiiva na maji yamebaki kidogo, mimina tui jepesi, kitunguu kilichokatwa, manjano kijiko cha chai, chumvi, na pilipili mbuzi moja nzima unaielekeza juu ielee isipasuke. Acha moto wa wastani mpaka tui lipungue na zile mbaazi zianze kuvimba na kubanana. Hapo ndo unamimina kasimile, na kuanzia hapo usiondoke, punguza moto, koroga polepole upande mmoja bila kuacha mpaka lichemke mara ya kwanza, la sivyo litakatika na utapata maji chini na mabonge juu. Likishachemka acha dakika tano mpaka kumi moto mdogo, toa. Zikipoa kidogo ndo zinaganda vizuri. Kwa hiyo kwa upande wa gemu: wakati wa tui jepesi unaweza kucheza zamu mbili tatu, likiingia kasimile funga laptopu.

Mwanaume gani anakaa kwenye mbuzi anakuna nazi?

Mwenye njaa.

Haya magemu ni ya aina gani hasa? Mi najua mpira na magari tu.

Chukua vitu viwili uvichanganye. Kimoja ni gemu la mikakati, una ramani, una jeshi, una hela, unapanga nani asimame wapi. Kingine ni gemu la kujikuza, una karakta wako ana jina, anapata uzoefu, anapanda levo, anajifunza mambo, anazeeka au anakufa. Alafu uyaweke zama za kati, yani panga, mkuki, upinde, ngome, wafalme, ile miaka kuanzia kama 500 mpaka 1500 kwa hesabu ya Ulaya. Mengine yana historia ya kweli ndani yake, mengine yana majini na mazimwi.

Yale makubwa ambayo utayasikia: Mount & Blade ya kwanza ilitoka 2008, ikafuata Warband 2010, alafu Bannerlord ilianza kuuzwa ikiwa haijakamilika Machi 2020 na ikatoka kamili Oktoba 2022. Zote za TaleWorlds, kampuni ya Ankara Uturuki iliyoanzishwa na mtu na mkewe. Unaanza huna kitu, una farasi mmoja na mkuki, unaajiri vijana wa vijijini, na ukikaza unaishia kuwa na ufalme wako, na vitani unaingia mwenyewe juu ya farasi siyo kuangalia tu kwa juu. Kuna Crusader Kings III ya 2020, ya Stockholm, hiyo huongozi mtu mmoja bali ukoo, ukifa unaendelea na mwanao, na muda mwingi unahangaika na ndoa, urithi na ndugu wenye fitina, mtu aliyekulia kwenye familia kubwa ataielewa haraka sana. Kuna Battle Brothers ya 2017 ya Wajerumani wa Hamburg, ya zamu, askari wako akifa kafa. Kuna Wartales ya 2023 ya Wafaransa, jioni mnapiga kambi, mnapika, mnakula, mnalipana mshahara. Na kuna Kingdom Come: Deliverance ya 2018, Bohemia mwaka 1403, ile si ya mikakati sana ila chakula kikiharibika mfukoni ukakila unaumwa, na ukipita kwenye nyumba ya mtu ukakuta jungu kwenye moto unajichotea tu hamna anayekuuliza. Nadhani hao ndo ndugu zetu.

Mi sijawahi kucheza, nianze na lipi?

Battle for Wesnoth, tena usinunue chochote kwanza. Ni la bure kabisa, siyo bure ya matangazo, limeanzishwa na David White 2003, toleo la 1.0 likatoka 2005, na toka hapo watu wa kujitolea duniani kote wanaendelea kuliongezea. Linakubali kwenye laptopu ya zamani ambayo hata kufungua video inahema, na kwenye simu za Android lipo pia.

Namna linavyokwenda: ramani ni vyumba vya pembe sita, una kiongozi, unakaa kwenye ngome yako unaajiri watu kwa dhahabu, unateka vijiji kwa sababu kijiji kinakupa hela kila zamu na askari aliyeumia akilala pale anapona pointi 8. Kila askari anakusanya uzoefu, akijaza anapanda levo na hapohapo anapona kabisa, na ukimaliza steji moja anakuja na wewe steji inayofuata ukimlipia dhahabu 20. Akifa ndo basi. Kwa hiyo unaanza kuwapenda, una askari wako mmoja wa mkuki kapigana toka mwanzo ana jina lake, ukimwona kabaki na damu kidogo unamrudisha nyuma hata kama unapoteza kijiji.

Na kuna kitu kimoja wanaoanza hawakioni wanapigwa mpaka wanalifuta: mchana na usiku vinahesabika. Binadamu wengi wa kawaida mchana wanaongezewa nguvu asilimia 25 na usiku wanapunguziwa asilimia 25, mizuka na maorki, yale majitu ya hadithi, ni kinyume chake. Kwa hiyo jua likizama kaa kwenye kilima au kijiji ujilinde, kukipambazuka ndo ushambulie. Alafu mifupa inayotembea usiipige mkuki wala mshale, unapita katikati ya mbavu, peleka mtu wa rungu au mchawi wa moto. Anza na ile kampeini, yani steji zinazofuatana kwa hadithi moja, inayoitwa A Tale of Two Brothers, fupi, baadae uende Heir to the Throne ambayo ni ndefu na inakusindikiza mwezi mzima.

Kompyuta yangu mbovu, Bannerlord itakubali?

Haitakubali. Inataka kama GB 60 za nafasi na kadi ya grafiki inayoeleweka, na feni itapiga kelele kama mashine ya kusaga. Chukua Warband, ni gemu lilelile kimsingi, sura za watu mbaya lakini inaingia kwenye laptopu ya ofisini na ina modi, yani nyongeza za mashabiki, nyingi za bure zinazoibadilisha kabisa. Crusader Kings II nayo, ile ya 2012, gemu lenyewe la msingi wamelifanya bure toka 2019. Za kuchakachua mnazogawana kwenye flashi mi siziweki kwangu, siyo kwa ucha Mungu, ni virusi. Steam, duka la magemu la mtandaoni, wanashusha bei mara kadhaa kwa mwaka, vumilia usubiri.

Kwenye gemu nako unalisha jeshi mboga? Inawezekana?

Inawezekana na tena inalipa. Warband kila aina ya chakula uliyobeba inaongeza morali, kwa hiyo siri siyo wingi, siri ni aina tofauti. Mi nabeba mkate, jibini, asali, siagi, kabichi, tofaa, zabibu, zeituni, na jeshi linaimba. Nyama mbichi ya ng'ombe au nguruwe kwenye hilo gemu inaoza ukichelewa, asali haiozi, sasa nani mjinga hapo? Bannerlord nako ni vilevile, ngano, tende, zeituni, zabibu, siagi, jibini, na hesabu yake ni rahisi, watu 20 wanakula kipimo kimoja cha chakula kwa siku, kwa hiyo ukiwa na watu 100 unatoa vitano kila siku ya Mungu. Kabla ya kwenda kuzingira ngome piga hesabu hiyo kwanza kwa sababu kuzingira kunachukua siku, na hamna aibu kama kuondoka kwenye ngome iliyobaki kidogo ianguke kwa sababu mmemaliza mkate.

Ukipita vijijini nunua ngano kulekule inakozalishwa, bei iko chini, mjini wanakupiga. Hapo hamna tofauti na kununua njegere Lushoto.

Huli kuku lakini unakata watu vichwa kwenye gemu, hiyo imekaaje?

Kuku ni wa kweli.

Watu wa zama za kati walikula nini? Si walikuwa wanakula mapaja ya nyama kama kwenye muvi?

Mfalme labda. Mkulima wa Ulaya alikuwa anakula mkate mweusi na uji mzito wa kwenye chungu, ngano au shayiri na kunde za kwao, njegere kavu, kabichi, vitunguu, likaongezwa maji kesho yake likaendelea. Na Kanisa lilikuwa linakataza nyama, na mara nyingi maziwa pia, Ijumaa na Kwaresima yote, kwa hiyo wapishi wa matajiri walikuwa wanasaga lozi wanakamua maziwa yake wanapikia badala ya maziwa ya ng'ombe. Nlivyosoma hiyo mara ya kwanza nilicheka, yani wameliwaza tui wakakosa mnazi. Viungo vyetu vya kawaida, pilipili manga, karafuu, mdalasini, tangawizi, kwao vilikuwa vitu vya kutunzia hadhi, vilivuka bahari na jangwa mpaka kufika.

Ila kitu ambacho watu wanakisahau ni kile ambacho hakikuwepo. Kabla Columbus hajavuka 1492 hamna mtu upande huu wa dunia aliyewahi kuona mahindi, muhogo, nyanya, viazi mviringo, viazi vitamu, karanga, boga hili tunalolijua, pilipili kichaa, wala haya maharage mekundu. Vyote vimetoka Amerika. Sasa chukua chakula chetu utoe hivyo, hamna ugali wa sembe, hamna kisamvu, hamna bada, hamna kachumbari ya nyanya. Kilichobaki hapa pwani miaka hiyo ni mtama, uwele, mchele, nazi, ndizi, kunde, mbaazi, bamia, ndimu. Ambavyo bado unashiba vizuri tu.

Na tuna shahidi. Ibn Battuta, msafiri wa Moroko, alipita pwani hii mwaka 1331, akafika Mogadishu, Mombasa na Kilwa, na mzee yule alikuwa anapenda kuandika chakula. Mogadishu alikarimiwa wali uliopikwa kwa samli umepakuliwa kwenye sinia kubwa la mbao na vitoweo juu yake, pembeni ndizi mbichi zilizopikwa kwenye maziwa, na mtindi wenye achari ya ndimu na pilipili manga, tangawizi mbichi na embe. Toa ile nyama na samaki kwenye kitoweo, kilichobaki ni sahani yangu ya Ijumaa.

Hizo ndizi za maziwa umewahi kujaribu?

Nazipika sana. Menya ndizi mbichi, zichemshe kwanza kwa maji na chumvi kidogo mpaka zianze kulainika, yale maji mwaga kwa sababu yana ule ugwadu wa utomvu na unaweza kukatisha maziwa. Ndo unatia maziwa mabichi yazifunike, iliki mbili tatu zilizopondwa, moto mdogo sana, usifunike. Zikianza kuwa nzito toa. Mtu akitaka sukari ataweka mwenyewe, mi naweka chumvi na kijiko cha samli.

Kuna gemu la zama za kati lenye Waswahili ndani?

Kwenye haya nliyoyataja, ya kutuweka katikati, hakuna. Age of Empires II ambayo ni ya 1999 na siyo ya kujikuza lakini kila mtu anaijua, mwaka 2015 waliiongezea falme za Afrika, wakaweka Waberberi, Waethiopia, Wamali, na wa nne wakaweka Wareno! Sisi wenye Kilwa iliyokuwa inashika biashara ya dhahabu ya Sofala, huko Msumbiji, tukarukwa, aliyekuja kuharibu akapewa nafasi.

Inakera kwa sababu vitu vipo. Toka hapa mjini kwenda kusini njia ya Pangani, kama kilomita 17 hivi, kuna Tongoni, msikiti wa karne ya 15 umebaki kuta na makaburi kama arobaini, mengine ya nguzo, na inasemekana hamna sehemu nyingine pwani hii ya Afrika Mashariki yenye makaburi ya nguzo mengi pamoja kama pale. Na kwenye miamba ya mbele yake meli ya Vasco da Gama, São Rafael, ilikwama 1498 wakati wa kwenda, na Januari 1499 wakati wa kurudi wakaichoma hukohuko kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli zote. Wengi walishakufa kwa kiseyeye, ugonjwa wa kukosa matunda na mboga mbichi. Jamani, Wareno wameishiwa watu kwa kukosa ndimu, mbele ya pwani iliyojaa ndimu. Hiyo ni misheni kamili, mtu anayejua kuandika programu aichukue bure.

Kiingereza cha hayo magemu ni kigumu, sitapotea?

Crusader Kings utapotea, maandishi ni mengi kuliko gazeti. Wesnoth na Battle Brothers maneno yanajirudia, baada ya siku chache unayajua kwa sura. Mdogo wangu kajifunza majina ya silaha zote humo kabla hajajua kuandika barua ya kuomba kazi.

Protini unapata wapi? Hutaishiwa damu?

Kunde, maharage, mbaazi, choroko, dengu, karanga, maziwa. Ukila nafaka na jamii ya kunde, kama wali na maharage, zinajaziana. Madini ya chuma yamo kwenye majani na kunde ila mwili unayachukua kwa shida kidogo, kamulia ndimu juu ya chakula inasaidia, na chai usiishushie juu ya msosi hapohapo, subiri kwanza. Kitu kimoja cha kuangalia kweli ni vitamini B12, haipo kwenye mimea, mimi naipata kwenye maziwa na mayai, ila kama wewe umeacha hata maziwa basi tafuta vidonge au vyakula vilivyoongezewa, uongee na daktari, hiyo siyo ya kubahatisha.

Na kisamvu, twanga na uchemshe sana, acha wazi mvuke utoke. Majani ya muhogo mabichi yana sumu, ndo maana bibi zetu hawakuwa na haraka nayo.

Chakula gani kizuri kula huku unacheza?

Kikavu na kisicho na mafuta mengi. Bhajia ni tamu lakini angalia kipanya chako baada ya wiki. Mkate wa kumimina uliokatwa vipande, karanga, muhogo wa kuchemsha, ndizi. Mbaazi hapana, mbaazi zinataka mkono na heshima, sevu gemu, nawa, kaa chini ule.

Umeme ukikatika katikati ya vita?

Ndo sababu nyingine ya kupenda magemu ya zamu, Wesnoth inajisevu kila zamu kwa hiyo unapoteza kidogo sana. Battle Brothers huwezi kusevu ukiwa katikati ya pambano, kwa hiyo kama mawingu yamekusanyika upande wa bahari usianze pambano kubwa kwa laptopu yenye betri mbovu. Mkaa haukatiki, nenda kapike.

Nyumbani wengine wanakula nyama, mnapikaje?

Wali mmoja, mboga ya majani moja, maharage moja, wao wanaongeza chungu chao cha nyama pembeni. Ninachoomba ni mwiko tu usichanganywe. Shangazi yangu mwanzoni alikuwa anatia kipande cha ngonda (samaki mkavu) kwenye kisamvu kimyakimya "kupata harufu", siku hizi anapika vyungu viwili na cha kwangu ndo kinaisha kwanza kwa sababu wote wanachota.

Unauza hizo mbaazi?

Siuzi. Mama wa kuuza wapo kila kona ya Ngamiani asubuhi na wengine wanazipika kuliko mimi, nenda na kibakuli chako.

Naweza kuazima laptopu yako wikiendi moja tu?

Hapana.